Nyasi za Filomena

Mpwa wangu Idalina,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye bado anaweza kumbeba ndama begani na kupanda naye ngazi. Natumaini wewe na mwanao hamjambo, na kile kikohozi kimekwisha. Sisi tu wazima, ila kiu.

Uliuliza kama ni kweli kisima cha mtaa kimekauka. Ni kweli. Sasa lori hutuletea maji, nasi tunapanga foleni na ndoo kama ng'ombe wanaongoja kukamuliwa.

Ukame ulipoanza tulijitahidi, tena kwa fahari. Nani angethubutu kumwagilia nyasi mbele ya nyumba, jirani anamwona? Nyasi kavu zikawa heshima, gari chafu likawa sifa. Langu lilikuwa na vumbi hata kuku akataga juu ya boneti, na hapo sitii chumvi.

Kisha nyasi za Filomena Brum zikawa kijani. Mumewe Odílio, aliyechimba kile kisima ujanani, amelala hoi kitandani karibu na dirisha. Watu walipita, wakatazama. Hakuna aliyemuuliza Filomena. Lakini kila mmoja alijiambia: kama yeye anamwagilia, mimi mjinga wa nani? Mbele wakaacha pakavu, nyuma ya nyumba wakafungulia mipira ya maji. Pampu ikaanza kutoa mchanga, halafu hewa tupu.

Jumapili baada ya misa tulikutana katika ukumbi wa sikukuu ya Roho Mtakatifu. Zeferino, yule wa ng'ombe wa maziwa, akasimama akasema mama huyu ametunywea kisima kizima, kwa hiyo lori lisisimame kwake, azikamue nyasi zake anywe. Wakapiga makofi. Filomena hakujitetea. Aliinamisha kichwa, kisha akanitazama mimi.

Idalina, zile nyasi nilizipaka rangi mimi, kwa bomba la kupulizia dawa ya miti. Filomena aliniomba, ili Odílio afe akijua kisima chake bado kinanywesha mtaa, akaniapisha nisimwambie mtu. Na mimi, ambaye nikivua samaki mmoja mji mzima hupata habari, hilo nililifungia mdomoni. Niliona wanavyomtazama. Nilisikia maji yakitiririka nyuma ya nyumba zao. Nikanyamaza, nikijisifu moyoni kwamba kumbe najua kutunza siri.

Basi nikasimama, nikasema. Wakacheka! Zeferino akaniambia, "Kaa chini, Amaro. Leo umepaka nyasi, kesho utatuambia umepaka mwezi." Nikawatoa wote hadi kwa Filomena, nikalowesha leso kwa mate, nikasugua. Leso ikawa kijani, jani likabaki njano.

Mke wa Zeferino akasema taratibu kwamba wao walianza kumwagilia kwa sababu ya Filomena. Jirani yake akajibu, "Na sisi kwa sababu yenu."

Odílio alituona kupitia dirisha. Akauliza kwa sauti ya kukwaruza, kisima kinaendeleaje. Mimi, bingwa wa maneno, nikaificha leso mfukoni. Zeferino ndiye aliyevua kofia akamjibu, "Kimejaa pomoni, mzee wangu."

Kesho yake Zeferino alikuja kwangu kuomba rangi iliyobaki. Akapiga magoti, akapaka pale nilipokuwa nimepasugua.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu, umsalimie na mumeo. Mkija kututembelea, njooni na maji yenu.

Mjomba wako akupendaye,
Amaro Silveira