Wifi Anavuja Oili

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, baba mzima wa kukaa, na wewe najua u mzima kwa sababu mgonjwa hana nguvu za kukata simu. Nimeamua kuandika. Kila nikifika kwenye neno "baba", huko kwako mtandao unaanza kusumbua, lakini barua haina mtandao. Ichane ukitaka, ila hutaniambia sauti haisikiki.

Nauliza tena, na safari hii nauliza kwa kalamu: gari lako linatoka lini kwenye chumba cha chini? Ulipokuwa unaondoka ulisema baba apande juu kwa muda tu, gari likae pale penye mlango mpana na sakafu kavu. Alipanda kwa miguu yake, akicheka. Leo magoti yamekataa. Daktari anasema atembee kila asubuhi uani, polepole, la sivyo miguu itasahau kazi yake. Atatembeaje? Ngazi zetu unazijua, nyembamba, zimesimama wima, na upande mmoja hazina pa kushika. Kwa hiyo dereva aliyepeleka mabasi ya abiria mpaka anastaafu bila kugonga hata kuku, mtaa mzima ukamwita Mzee Breki, sasa anashinda kwenye kiti kando ya cherehani yangu, anatazama barabara dirishani na kukosoa madereva wa watu.

Na kuna la pili. Wifi yangu anavuja. Namwita wifi kwa sababu huna mke mwingine ninayemjua. Kila Jumamosi nimemwasha kama ulivyoagiza, nikamsikiliza akinguruma, nikamzima. Sasa ana dimbwi jeusi chini ya tumbo, na harufu imepanda mpaka kwenye vitambaa vya wateja. Bibi harusi mmoja amenirudishia gauni lake, kalinusa na kulitupa mezani. Mtoe mkeo, nimshushe baba. Basi.

Dada yako


26 Februari

Dada,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Gari halijambo?

Habari ya oili imenishtua mno. Inatoka mbele au nyuma? Ni nyepesi au nzito kama asali? Weka boksi safi chini yake usiku kucha, kisha uniandikie doa limeangukia upande gani. Na unieleze ukweli, sitakasirika: nani kaliendesha? Gari lenye kilomita chache kiasi kile halivuji lenyewe. Yule rubani aliyeniuzia alikuwa akilitoa mara moja moja tu, na mimi nimeliendesha kwa kuliogopa. Kilomita chache ndiyo heshima yake, ndiyo thamani yake. Mtu akienda nalo hata dukani, tumekwisha.

Kulitoa nje haiwezekani. Jua litakula rangi na kupasua mipira. Vumilia kidogo, nikija nitapanga kila kitu. Usimwite fundi yeyote wa mtaani, watalifungua halafu wabaki na nati mkononi wakiulizana ilitoka wapi. Liwashe Jumamosi kama kawaida, lifunike vizuri, na paka wasilalie boneti.

Msalimie baba.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Nasema sisi, watu. Umeuliza gari halijambo kabla ya kumuuliza baba yako aliye hai, halafu salamu zake ukamtupia chini kabisa ya karatasi, kama mfupa wa mbwa. Huna haya!

Baba huniomba nimsomee barua zako, maana macho yake hayataki tena maandishi madogo. Hii nilimsomea huku natunga. Nikasema umeuliza magoti yanaendeleaje, umesema asikose dawa, umesema unakumbuka alivyokuwa akipiga honi basi likifika kwenye kona yetu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asante, mwanangu. Sasa nisomee ya kwake." Aibu ikanishika mimi badala yako.

Basi nikamsomea yenyewe. Kufika kwenye oili, akanyanyuka kitini. "Inatoka mbele au nyuma?" Damu si maji, neno kwa neno sawa na wewe! Nikamwambia sijui na sitaki kujua, nikaenda zangu kununua nyuzi.

Narudi, kiti kitupu. Niliteremka zile ngazi roho mkononi. Mlango wa chumba cha chini uko wazi, na miguu ya baba yangu imechomoza chini ya gari lako, kiatu kimoja kimebanduka soli. Nilipiga yowe, nilijua ameshakufa. Sauti ikatoka huko chini: "Punguza kelele, nipe tochi."

Alishuka kwa makalio, ngazi moja moja, kama mtoto wa kutambaa. Mtu mzima, mwenye heshima zake! Shati lote limelowa oili. Na akiwa amelala pale pale akanipa hukumu, naiandika kama alivyoisema: "Hili halikuharibiwa na safari. Limeharibiwa na kukaa. Mipira ya kuzuia oili hukauka gari lisipokwenda. Na huko kuliwasha na kulizima ndiyo mbaya zaidi, injini haipati moto wa kutosha, inatoka jasho tu ndani." Umesikia? Ulikuwa unamtafuta mwizi wa kilomita zako. Mwizi ni wewe na Jumamosi zako.

Kumpandisha tumeshindwa. Mimi na jirani muuza mkaa tulimbeba, magoti yakalia ngazi ya pili, naye akatuamuru tumrudishe. Kule chini hakuna pa kutandika godoro, wifi kajitandaza ukuta hadi ukuta. Unajua baba yako amelala wapi? Ndani ya gari lako, kiti cha abiria, miguu imekunjwa, kajifunika kanga yangu. Mpaka naandika bado yumo. Wifi wa kweli angempisha baba mkwe chumba.

Nijibu neno moja tu: litoke au lisitoke?

Dada yako


8 Aprili

Dada,

Baba amelala kwenye kile kiti? Na shati la oili? Ngozi ile haipatikani tena popote, hata kwa kuagiza! Mnanionea kwa sababu niko mbali. Mbona hamkumweka kwa jirani siku mbili tatu, mkasubiri niwaze? Neno moja ulilotaka ni hili: lisitoke.

Nitakuambia jambo, lakini usimsomee baba. Ghala la samaki nilimokuwa nafanya kazi limefungwa, tumetolewa wote. Nalala chumba kimoja na wanaume wanaokoroma kwa lugha tatu tofauti. Nikifumba macho naliona gari pale chini, jekundu, limefunikwa, linaningoja. Nataka siku nikirudi niingie mtaani nikiwa ndani yake, kioo nimeshusha, watu waseme yule alikwenda akapata. Bila gari nitaingia na begi. Unajua mtaa wetu ulivyo. Watakupokea begi kwa ukarimu ili wapime uzito wake.

Sina kingine, Dada. Usiliguse.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Sisi ni wazima. Safari hii hukuamkia, nami siitikii. Pole ya kazi. Ni pole ya kweli, nililia nikiwa nakata kola ya mtu mpaka nikaikata upande. Sasa turudi kwenye ugomvi wetu.

"Mbona hamkumweka kwa jirani?" Hebu isome sentensi hiyo kwa sauti mbele ya hao wanaokoroma, uone kama hawataamka wakuzabe kibao. Baba akalale kwa jirani, gari lilale kwa baba! Nyumba hii nani kaijenga, yeye au boneti yako? Nimekubeba mgongoni, mpumbavu wewe, nimekufuta kamasi, na sijawahi kukukasirikia kama siku ile. Hata cherehani niliiacha katikati ya mshono.

Kwa hiyo gari limetoka. Muuza mkaa, mimi, na wanawake wawili waliokuja kupima nguo, tulilisukuma mpaka uani, baba akiwa kwenye usukani anatufokea sote. Limekaa chini ya mabati, limefunikwa turubai, jua halilioni. Sina roho mbaya kama unavyodhani. Chumba nimekisugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa maranda ya seremala. Doa limegoma. Kitanda cha baba nimekiweka juu ya doa hilo hilo, naye anasema harufu inamletea usingizi, inamkumbusha gereji ya mabasi. Asubuhi anatoka mlangoni mwenyewe na kuzunguka ua akishika ukuta. Jana ukuta hakuushika.

Halafu kuna hili, keti kwanza. Baba alikaa kwenye stuli, mimi nikalala chini ya gari. Naam, dada yako mshona magauni. Nikakaza nati alizonielekeza, yeye juu anapiga kelele, "Polepole! Hufungi gunia hapo!" Mpira mmoja tumebadilisha. Tulipomaliza akasema, sasa litembee. Nikamwambia mwanao ataniua. Akasema, "Kilomita chache si afya, ni njaa." Akapanda upande wa abiria, nikaendesha mimi. Usijifanye unashangaa, alitufundisha sote wawili kwenye basi tupu, na wewe ndiye uliyekuwa ukilia. Tulikwenda mpaka lami inapoishia tukarudi. Tumeshakwenda tena. Na tena. Bado linavuja, sikufichi, ila kwenye boksi sasa ni matone, si dimbwi. Tukifika kwenye kona yetu baba ananyoosha mkono na kupiga honi mwenyewe.

Barua yako nimemsomea yote, hata pale uliposema nisimsomee. Situngi tena, kunanichosha. Jioni akasema, "Mwambie mimi nimerudi nyumbani na basi tupu mara nyingi tu, na mama yenu alinifungulia mlango." Ndiyo nakuambia.

Ufunguo anao yeye, chini ya mto. Ukiutaka, mwombe mwenyewe.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Shikamoo, ingawa hustahili.

Mmelitembeza! Gari ambalo mimi nilikuwa nashika pumzi nikiligeuza, nyinyi mnalipeleka mpaka lami inapoishia kama teksi! Nani aliwapa ruhusa? Wewe wa sindano na uzi, umelala chini ya injini ile na spana mkononi! Na siri yangu ukaisoma kwa sauti, nyumba nzima isikie. Nimezunguka mitaa ya huku nikiongea peke yangu, watu wananipisha njia. Sikusamehe mwaka huu, na ujao usitegemee.

Nakuja. Tiketi ipo, ni ya tarehe 28 Juni, mchana. Nakuja kuuchukua ufunguo wangu kwa mkono wangu, na haya yote nitayasema mbele ya baba, asidhani namwogopa kwa sababu sasa ameulalia chini ya mto. Nakuja na begi, ndiyo. Mtaa na uchekwe, uchekwe na wewe.

Baba anavaa viatu namba gani siku hizi? Umesema kimoja kilibanduka soli. Hapa nimeviona vya kutembelea, soli laini, havitelezi. Magoti yakoje kweli? Usitunge. Jibu upesi, na matusi yaweke mwishoni.

Mdogo wako


11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Namba yake ni ile ile yako, umesahau mlivyokuwa mkigombania viatu? Ila chukua kubwa kidogo, jioni miguu huvimba, na kamba ziwe ndefu. Magoti yanauma asubuhi, yakishazunguka ua yanapoa. Sijatunga.

Ni "mtaa na ucheke", si "uchekwe". Hasira zimekula mpaka Kiswahili chako. Njoo nazo zote, usipunguze njiani, baba amechoka kugombana na mimi peke yangu. Ameanza hata kupiga pasi shati la kukugombezea.

Tutakuja kukupokea, yeye na mimi. Gari lina viti viwili tu, kwa hiyo kurudi utaendesha wewe, baba akae kando yako, kioo mshushe. Ufunguo atakupa pale pale, umwamkie kwanza. Mimi nitapanda basi na begi lako. Nikiulizwa mtaani, nitasema ni vitambaa vyangu.

Wifi hajambo. Hukuuliza, ndiyo maana nakuambia.

Dada yako