Darubini Iliyotetemeka Hadi Saba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi. Natumaini barua hii itawakuta wazima. Huku tupo, tunasukuma siku. Baba anakula vizuri na anatania vizuri zaidi. Miguu tu ndiyo imegoma kabisa.

Umeuliza habari za darubini. Wewe ndiye uliyemwahidi kwamba ataziona pete za sayari ya Zohali kabla macho yake hayajazimika, kwa hiyo nakueleza yote.

Siku niliyokwenda dukani, baba alinipa mtihani wa enzi zake za ufundi saa. Alisema nisibabaishwe na boksi linalojisifu kwamba darubini inakuza mara ngapi. Niigonge kwa kidole, nihesabu mpaka iache kutetemeka. Ikitulia kabla ya tatu, nichukue. Muuzaji alinitazama kama mwizi, lakini niligonga. Ile ya kioo kipana, yenye stendi nzito, ilitulia kwenye mbili. Ile ndogo, ya kutundika begani ukaondoka, ilitetemeka hadi saba. Nilirudi na ndogo, nikamwambia baba, kama nilivyokuandikia wewe, kwamba kubwa zimekwisha.

Juzi jioni nilimbeba mgongoni hadi juu ya paa, ngazi thelathini na mbili, nikashuka tena kuifuata darubini. Baba akaweka jicho. Akasema Zohali inacheza ngoma. Kisha akaigonga kwa kidole, nami nikaona midomo yake ikihesabu kimyakimya mpaka saba. Akanitazama. Akasema inatosha, tushuke, asije akanivunja mgongo bure.

Kaka, kubwa hazikuwa zimekwisha. Niliinyanyua moja palepale dukani, nikakumbuka zile ngazi, nikakumbuka kitanda, bafu na kiti, kila siku ni mimi wa kumnyanyua, nikasema moyoni hii siiwezi. Nilichagua kwa kiuno changu, si kwa macho yake. Naona aibu, na nimechoka mno.

Daktari wa macho anasema imebaki miezi michache. Leo asubuhi nimepita dukani, ile kubwa bado ipo. Usitume kitu, njoo mwenyewe. Mimi nitambeba baba, wewe utabeba darubini.

Mwambie wifi shuka alizotutumia zinatufaa sana. Baba anakusalimu, anasema anajua una kazi nyingi. Hajui nimekuandikia haya.

Ni mimi,
kitindamimba wenu