Ua la Mama Mkwe

Kaka, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Lile gauni nililomchorea mama mkwe, lenye ua kubwa toka kifuani mpaka magotini, leo kalivaa mbele ya wajomba wote. Na leo ndiyo walikuwa wanaamua kama wananipa binti yao!

Uliniambia ninunue rangi ya vitambaa. Sikununua. Nikatumia ile ya mafuta iliyobaki nilipopaka mlango wetu. Nikasema rangi ni rangi tu.

Gauni limekauka gumu kama bati! Wajomba wanamwambia mama, "Kaa basi," anajibu, "Nimeridhika kusimama."

Mwishowe akakaa. KRAA! Kaka, KRAAA! Ua likaanza kudondoka vipande vipande mapajani.

Baba mkwe akamtazama. "Mke wangu, mbona unapukutika?"

Mchumba wangu kajifunika uso kwa mto. Mimi naangalia mlango ulipo.

Mama akaokota kipande, akakigeuzageuza. "Kijana, hii rangi ya nini?"

"Ya mlango, mama."

"Ahaa. Basi mlango wa choo changu unaisubiri. Mkwe wangu hakai bure."

Kaka, kasema MKWE! Niko chooni hapa napaka, nacheka peke yangu kama chizi.