Kifurushi Kimefika Kwetu

Jumatatu, 3 Machi
Kifaa cha kumsaidia mke wangu kusikia kimekufa kabisa. Hapa hakiuzwi, mtengenezaji yuko ng'ambo. Nimeagiza kipya kwa simu ya mkwe wangu, yeye akiwa bafuni. Jina, anwani, malipo — nimejaza mwenyewe. Alipotoka akasema, "Baba, siku hizi hushikiki."

Alhamisi, 13 Machi
Posta. Karani alitikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. "Mzee, kikija nitakipigia vigelegele, utasikia ukiwa hukohuko kwako." Foleni nzima ikacheka. Nami pia.
Daktari ameonya: mke wangu asikae sana bila kusikia, atazoea. Ameanza kuzoea. Jana nilimsomea gazeti, akawa anaitikia "eeh" hata pale nilipokuwa nimenyamaza.

Jumanne, 25 Machi
Mvua. Hakuna kitu. Mke wangu haulizi tena "unasemaje?" Hilo ndilo linalonisumbua.

Jumatano, 26 Machi
Mkwe amekifuatilia kifurushi kwenye simu. Kimevuka bahari salama. Kiko — akanisogezea kioo, akauliza huu ni mji gani.
Ni mji wetu. Mtaa uleule, nyumba ileile yenye ngazi za saruji. Tuliikimbia na mabegi mawili, mkwe hajazaliwa. Mkono uliandika anwani iliyomo kichwani. Ya hapa mpaka leo huwa nainakili kutoka kwenye bili ya umeme.
"Baba, si ungeniita tu." Hakunicheka. Afadhali angecheka.

Jumamosi, 5 Aprili
Simu asubuhi, namba ya kule. Mwanamke. Shikamoo kwanza, kwa lafudhi ya kwetu hasa. Amepokea kifurushi chenye jina na namba yangu. Anaishi hapo na wanawe. Walipewa nyumba ikiwa tupu. Akitume huku, au tutakifuata? Kisha, taratibu: "Mzee, mnarudi?"
Nyuma yake mtoto aliburuza kiti. Niliijua sakafu ile kwa mlio wake.
Nikasema nitampigia.
Mke wangu amekaa mbele yangu, anatazama midomo. "Nani huyo?" — kwa sauti kubwa, maana haisikii sauti yake mwenyewe. Nimechana ukurasa wa nyuma wa daftari hili, nimemwandikia: kifaa kimepatikana.
Amesoma. Ametabasamu. Sasa ameweka kidole chini ya mstari, pale peupe, anauliza kiko wapi.