Uyoga Nyuma ya Gereji

Mjukuu wangu Wanjiru,

Huku Muthangari tu wazima, na mamako amepona kikohozi. Umeniuliza kama kweli uyoga wetu husafisha udongo wenye oili.

Nikiwa fundi kijana Parklands, nilikuwa nikimwaga oili chafu nyuma ya gereji, hadi mboga za sukuma wiki za jirani, Mama Njeri, zikakauka. Akaja na magogo yaliyooza, yamejaa uyoga.

"Zika haya hapa. Uyoga huu hula kila kitu."

Nilizika kwa aibu. Mvua iliponyesha uyoga ulichipuka, nikainama kuuchuma. Mama Njeri akanishika mkono.

"Usile! Huo umekula uchafu wako."

Miaka miwili baadaye nyasi ziliota. Sijui kama ni uyoga au ni mvua tu. Wewe unayefanya kazi maabara, pima udongo huo uniambie. Ninachojua ni kwamba tangu aliponishika mkono, sikumwaga tena.

Guka wako