Matani ya Kufragi

Diani, 8 Juni 1997

Kaka Nassir,

Shikamoo. Natumai mzee wako anaendelea vyema nawe hujambo. Sisi hatujambo, ila ofisi ya hoteli imepooza tangu urudi Bodo kumuuguza. Kompyuta zote mbili nazichezea peke yangu. Jana baada ya kazi niliunganisha moja mtandaoni kwa simu nikapambana na Wajerumani. Nimewafragi tisa! Yule mgeni aliyetufunza mchezo amenieleza asili ya neno hilo: vita vya Vietnamu, askari wakimrushia ofisa wao wenyewe bomu la mkono hemani mwake. Leo kila anayeua mtandaoni husema amefragi. Wewe kempa, mzee wa kujificha nyuma ya mlango, ukirudi nitakufragi kabla hujavua viatu.

Mama anauliza utakuja lini Mkongani kula muthokoi wake wa mahindi na maharagwe.

Mdogo wako,
Kisilu

Bodo, 21 Juni 1997

Mdogo wangu,

Marahaba. Alhamdulillahi, mzee sasa anakaa kitako. Tisa? Bila shaka simu ilikuwa na legi, inachelewa, Wajerumani wa watu hawakujiona wakifa. Nyubi wewe, mwanagenzi! Nilikufunza kwamba maneno ya mchezo ni mafupi kwa kuwa anayeandika amesimama, na aliyesimama ameshakufa.

Ila hilo la askari limenikaa vibaya. Mtu amekula na wenzake sahani moja, kisha wamfanyie hivyo. Nasi tulikuwa tukilitamka tunacheka.

Huku vijana wanakutana mikokoni. Nikipita, hunyamaza. Msalimie mama.

Kaka yako,
Nassir

Bodo, 25 Julai 1997

Mdogo wangu Kisilu,

Salamu nyingi. Leo sitanii. Mtoe mama Mkongani kabla ya katikati ya Agosti. Mpeleke kwa mjomba wako Mackinnon Road, nawe ufuatane naye. Watu wa bara kama nyinyi wataondolewa kwa nguvu. Usiniulize nimejuaje, na barua hii ichome.

Kaka yako,
Nassir

Diani, 2 Agosti 1997

Kaka,

Shikamoo. Wewe na vitisho vyako hamjambo? Hapa umenipata kidogo, nakiri. Lakini mwezi wa pili si uliniandikia kuwa nimefutwa kazi, na mhuri wa meneja ukaupiga? Nililia siku nzima, mshenzi wewe. Mara hii sidanganyiki.

Nilimsomea mama. Hakucheka. Alianza kufunga mizigo, nikamzuia: "Mama, mimi na Nassir ndivyo tunavyoamkiana, tunauana kila siku." Sasa amefungua mizigo, anapalilia mihogo yake. Kempa, toka mlangoni!

Mdogo wako,
Kisilu

Bodo, 7 Agosti 1997

Kisilu,

Wallahi si mchezo. Mtoe mama leo.

Nassir

Mackinnon Road, 30 Agosti 1997

Nassir,

Sina salamu. Barua yako ya mwisho ilinifikia tarehe ishirini, siku tatu baada ya kumzika mama. Walikuja Ijumaa asubuhi akiwa jikoni. Mimi nilikuwa hotelini, mbele ya kompyuta.

Alitaka kuondoka. Mimi ndiye niliyemrudisha kwa maneno yetu yale, na sijui nitaishije na jambo hilo.

Lakini kuna hili pia. Mwanarusi, jirani yetu, anasema hawakuuliza njia. Nyumba yetu haionekani barabarani, imezibwa na mikorosho. Waliijuaje? Sikuombi kitu kingine. Nijibu kweli.

Kisilu Musau

Bodo, 12 Septemba 1997

Kisilu,

Mungu amrehemu mama. Alinilisha kwa mkono wake, nami nimemlilia hadi mzee akanishika akidhani naumwa.

Umetaka kweli. Mwezi wa saba walinipeleka mikokoni, wakanilisha kiapo. Walijua nilikuwa nikija kwenu. Wakanipa karatasi na kalamu, nichore nyumba za watu wa bara Mkongani. Kukataa kulikuwa kufa, nami niliogopa. Nikachora saba. Nilifikiri nikiiacha ya mama wataikuta wenyewe na kuichoma bila kujua ni ya nani. Kwa hiyo nikaichora pia, njia yote, hadi mlango wa jikoni. Nikamwambia mkubwa wao mbele ya wote, "Hii ni ya mama yangu. Hii muiache."

Akanipa mkono, akasema sawa.

Walianza na hiyo.

Nassir