Fungate ya Kinyozi

9 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Mgongo wako vipi, na Mzee ameamkaje siku hizi? Huku tuko wazima, ila mikono yangu imeunguzwa kidogo na mvuke. Mashuka ya hospitali hayajali kama anayeyapiga pasi ana sherehe au hana.

Sherehe yenyewe ni hii: yule fundi wa lifti niliyemleta nyumbani mwaka juzi amesema tuache kuzungushana, tuoane. Mwakani, mwezi wa tano. Najua utauliza mbona mbali hivyo. Ni kwa sababu tumeshaanza kulipia fungate! Usicheke. Kazini kwake likizo ndefu huombwa mwaka mzima kabla, na ofisi ya safari humpunguzia bei anayewahi, ikamruhusu kulipa kidogo kidogo. Basi tumeanza na mkia, kichwa kitafuata.

Tunakwenda mbali, kaka. Ndege mbili, na katikati yake kulala kwenye viti vya uwanja. Kuna ziwa, kuna mlima wenye theluji, na kuna vibehewa vinavyopanda mlimani vikining'inia kwenye waya. Hivyo ndivyo anavyovitaka yeye. Miaka yote amewapandisha watu ghorofani ndani ya sanduku. Anataka siku moja apandishwe yeye, tena nje, huku anaona. Mimi nataka tu kukaa mahali ambapo kitanda anatandika mtu mwingine.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu ulisema nyumba ni ndogo na Mzee anasikia kila neno. Mwambie wewe, kwa namna unayojua.

Mdogo wako,
Kitindamimba

26 Februari

Kitinda,

Marahaba. Barua imefika, na sisi tupo, tunasukuma siku.

Mzee nilimwambia wakati namnyoa. Alicheka kwa ule upande wa uso unaocheka, nusura nimkate. Tangu apigwe na kiharusi maneno yake ni ya kuokota moja moja, lakini aliuliza vizuri tu: "Lifti?" Nikasema ndiyo, huyo huyo wa lifti. Akasema, "Mrefu." Kwa hiyo anamkumbuka.

Kulipia fungate kabla ya kuolewa sijapata kusikia. Ni kama kumshonea mtoto kofia kabla hajazaliwa na kichwa chake. Lakini nimefurahi, usidhani sikufurahi. Niliwasimulia wateja kibandani, na dereva mmoja akaniuliza mimi yangu lini, na mvi hizi. Nikamwambia inamisha kichwa.

Kibanda nafungua asubuhi tu siku hizi. Mchana Mzee hawezi kuachwa. Si neno.

Kaka yako

14 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Mnaendeleaje hapo nyumbani? Mbona barua zako zimekuwa fupi kama risiti?

Sisi tumeshavuka nusu ya malipo. Fundi amebandika picha ya ule mlima ndani ya mlango wa kabati, kila akichukua shati anausalimia. Dada wa ofisi ya safari anatujua sasa, tukiingia tu anasema, "Karibuni wanandoa," na ndoa yenyewe bado. Nimenunua koti zito. Nililivaa chumbani nikatoka jasho mpaka fundi akanipepea na gazeti.

Mzee hakikisha unamgeuza mara kwa mara asipate vidonda, na umpake mafuta mgongoni. Hospitali naona wanaoachwa upande mmoja, inasikitisha. Na wewe upumzike.

Mdogo wako,
Kitinda

2 Septemba

Kitinda,

Salamu. Mzee hajambo. Mimi sijambo. Namgeuza.

Kaka yako

17 Januari

Kaka,

Leo sisalimii, nitasalimia mwishoni hasira zikipoa.

Jana kanipigia yule jirani yetu anayeuza vitambaa. Anasema wiki iliyopita ulianguka kibandani, wembe mkononi, na mteja uliyekuwa unamnyoa ndiye aliyekubeba mpaka nyumbani, ndevu upande mmoja zipo, upande mmoja hazipo, watoto wa mtaa wakimfuata. Anasema daktari hakukuta ugonjwa. Kasema mwili umechoka, lala. Na anasema si mara ya kwanza.

Miezi minne unaniandikia "sijambo"! Nikikupigia unasema "Tupo, tupo," kisha unakata. Mimi ni mgeni? Niambie ukweli, hata kama ni mchungu.

Shikamoo.

Mdogo wako

30 Januari

Kitinda,

Marahaba. Umeutaka ukweli, kaa chini.

Mzee hawezi tena kukaa bila kushikwa. Usiku ananiita. Naenda, namgeuza, nikifika kitandani kwangu ananiita tena, kwa kuwa amesahau kwamba nimetoka sasa hivi. Msaidizi tuliyemwajiri aliondoka baada ya wiki moja. Mzee alimtemea uji, naye akasema hakuja kutemewa. Simlaumu. Kuna asubuhi nimemlisha huku nimelala nikiwa nimesimama, kijiko kikaenda sikioni. Tulicheka sote wawili, halafu nikaenda nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Sikukuambia kwa sababu ungeniambia nipumzike. Kila mtu ananiambia nipumzike. Jirani anasema pumzika, daktari anasema pumzika, wewe unaandika pumzika chini ya ukurasa kama muhuri. Nipumzikie wapi? Nani amshike? Mwenzangu wewe umelipia mapumziko ya mwezi wa tano tangu mwaka jana. Mimi sijui kama leo nitapata lepe la usingizi.

Nimesema vibaya, lakini karatasi ndiyo hii hii, sina nguvu ya kuanza nyingine.

Kaka yako

21 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Umeamkaje? Na swali hilo sasa naliuliza nikijua maana yake.

Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu barua yako niliibeba kwenye mfuko wa aproni, na kila nilipotaka kuijibu nilijikuta nataka kuandika lile neno ulilochoka kuambiwa.

Mwisho nikamsomea fundi. Akachukua mkoba wa vifaa akashuka, lifti ya jengo letu ilikuwa imekwama. Aliporudi, mikono yote grisi, akaniuliza, "Ofisi ya safari wanaruhusu kubadili jina?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Kaulize. Waweke la kaka yako."

"Na wewe?"

"Mlima hauhami."

Kaka, nilibishana naye. Nilimwambia tuahirishe tu. Tukaenda wote ofisini. Yule dada akatuambia malipo ya mwisho yameshafika, tarehe haisogei wala fedha hairudi. Jina moja linaweza kubadilishwa, tena kabla tiketi hazijatoka. Nafasi ya pili itakwenda tupu. Fundi akasema, "Sawa, andika." Tulipofika nyumbani akaibandua ile picha ya kabatini. Sitaki udhani haikumuuma. Imemuuma, na bado amesema.

Kwa hiyo: tutaandikisha ndoa huku, kisha tutakuja kula na nyinyi hapo nyumbani, Mzee awepo. Baada ya hapo wewe unapanda ndege, sisi tunabaki naye. Fungate yetu itakuwa chumba chako.

Mdogo wako,
Kitinda

29 Machi

Kitinda,

Salamu nyingi, na kwa shemeji pia, tena kwake zaidi.

Jibu ni hapana. Mtu mzima kama mimi nikakae kwenye hoteli ya maharusi nafanya nini? Nimshike nani mkono? Nitakuwa kichekesho cha dunia nzima, si cha mtaa tu. Na Mzee hamumwezi. Anakula akiimbiwa, hamjui wimbo. Anaogopa maji yakianzia miguuni. Kumgeuza kuna namna yake, ukikosea bega linatoka.

Tena mimi si wa kuonewa huruma. Niliandika kwa uchovu. Nendeni zenu mkastarehe, mmehangaika mwaka mzima.

Kaka yako

6 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Jina limeshabadilishwa. Usipokwenda, kitanda kitalala chenyewe.

Pasipoti inachukua muda. Kapige picha kesho, na unyoe hizo ndevu. Safari hii kinyozi ajinyoe mwenyewe.

Wimbo utanifundisha.

Mdogo wako

16 Mei

Kitinda, na shemeji,

Salamu kutoka kwenye baridi. Mzee anakula? Naandika kwenye karatasi ya hoteli, kisha naipiga picha na kuituma kwa simu, maana vidole vyangu havikuzoea vile vibonye.

Nimefika. Kwenye ndege niliamka kila muda nikidhani nimeitwa. Jirani yangu wa kiti alinihurumia, alidhani naumwa tumbo.

Hapa mapokezi yupo binti, tunaongea kwa simu yake inayotafsiri. Akaniuliza, "Bibi harusi yuko wapi?" Nikasema ukweli: "Yuko nyumbani na mumewe." Simu ikatafsiri. Binti akanitazama, macho yakamjaa machozi. Tangu wakati huo kila jioni naletewa keki ambayo sikuagiza, na mpishi akinipita ananigusa bega. Nimejaribu kueleza, simu inazidi kuharibu.

Chumbani walitandaza maua kitandani na taulo mbili zimekunjwa kama bata wanaobusiana. Nikawaweka bata kwenye kiti, nikalala. Kitinda, nililala. Nilipofungua macho jua lilikuwa limesimama, nikasema ni siku hiyo hiyo. Ilikuwa kesho yake.

Shemeji, nilikwenda kwenye vile vibehewa kwa ajili yako. Nilifika mpaka mlangoni. Kikayumba, nikatoka. Nisamehe. Nimekaa chini nikavihesabu vikipanda, waya ni mnene kama mkono wangu, na unapopita kwenye nguzo unatoa mlio. Hicho tu ndicho ninachoweza kukuletea.

Kaka yenu

19 Mei

Kaka,

Shikamoo. Tumecheka kuhusu bata mpaka Mzee akakasirika kwa kutoelewa. Tulihitaji kucheka.

Anakula. Siku ya kwanza hakula, niliimba nikakosea, akafunga mdomo kama mlango wa benki. Juzi alituponyoka wakati wa kuoga, akaanguka juu ya fundi, si sakafuni, tunashukuru. Mzee hakuumia. Fundi kiuno kimemkaza, anatembea kama ngazi.

Anakuuliza. Namwambia uko kibandani, unarudi sasa hivi. Anaangalia mlango.

Kaka, mimi nafanya kazi hospitali, nilidhani najua. Nilikuwa najua mashuka.

Mdogo wako

23 Mei

Kitinda,

Salamu. Kiuno cha shemeji mkandeni na maji ya moto.

Nina jambo, na nisipoliandika huku sitaliandika nikifika huko.

Nimekaa kando ya ziwa siku tatu nikitega sikio. Hakuna aliyeniita, na bado nilitega. Jana ndipo sikio lilipoacha. Nikasikia maji, nikasikia watu wanacheka mbali, nikasikia njaa yangu mwenyewe. Na hapo nikapata wazo la kutorudi. Si mzaha. Nilimuuliza binti wa mapokezi kama vinyozi wanapata kazi huku. Akasema wanapata. Nikaenda mpaka dirisha la kinyozi wa mji huu, nikamtazama anavyokata. Anakata vizuri. Anapiga mluzi.

Nitarudi, ndege ni Jumamosi. Lakini sitarudi kama nilivyoondoka. Miaka sasa watu wananiambia wewe ni mtoto mwema, utapata thawabu. Na wewe unanishukuru kila sikukuu. Sitaki shukrani, Kitinda. Nataka zamu.

Mzee ni wetu wawili. Mkisema haiwezekani, niambieni kabla sijapanda ndege, nijue narudi kwenye nini. Mkikataa nitarudi vilevile. Lakini nitakuwa nimeuliza.

Kaka yako

24 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Umeamka salama?

Barua yako ilinikasirisha. Nikasema, tumempa fungate yetu, bado anataka mkono mzima. Nikaifunga simu, nikaenda kumgeuza Mzee. Kisha nikamlisha. Kisha akachafua, nikabadilisha, nikafua, nikaanika, na kabla sijaketi akaniita. Nikasimama pale mlangoni na ndoo, hasira ikaniisha. Haikuwa na pa kukaa.

Tumebishana na fundi kutwa nzima. Kuhamia huku hatuwezi, kazi zetu ziko kule. Kwa hiyo Mzee atakuja kwetu: miezi mitatu kwetu, miezi mitatu kwako. Chumba cha kulia kitakuwa chake. Nitaomba zamu za usiku kazini ili mchana niwepo, na fundi awepo usiku. Tutachoka. Pengine tutagombana, pengine mwezi wa pili wa zamu yetu nitakupigia nikilia. Usije. Niambie tu kijiko kinashikwaje.

Fundi amekubali, lakini hakukubali akitabasamu. Nakuambia ili usije ukadhani imekuwa rahisi.

Mzee ameuliza tena uko wapi. Safari hii sikusema kibandani. Nikamwambia, "Baba, amechoka. Amekwenda mbali kupumzika." Nilidhani atalia. Alitafuta neno kwa ule ulimi wake mzito, nikasubiri, shuka mkononi.

Akasema, "Amechelewa."

Nikamuuliza, amechelewa kurudi, Baba, au amechelewa kwenda? Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la kijinga, akageuzia uso ukutani, akalala.

Lala na wewe mpaka Jumamosi.

Mdogo wako